Ovaroli ya gambuti ya kuvulia: namna ya kuchagua na kununua ya bei nafuu kwa anayeanza, hapa Dodoma

Nilianza kuvua kwa mshipi pale Bwawa la Hombolo nikiwa nimekunja suruali hadi magotini, kama nilivyowaona wenyeji wakifanya. Nilikuwa nimehamia Dodoma kikazi na nikitafuta kitu cha kufanya Jumamosi. Perege walikuwa wanakula karibu na majani, na ili ndoano ifike pale ilibidi uingie majini. Baada ya miezi michache nikaanza kukojoa damu. Tabibu aliniuliza swali moja tu kabla ya kunipeleka maabara: "Huwa unaingia maji gani?" Ilikuwa kichocho. Nikapandishwa kwenye mizani, nikahesabiwa vidonge vya praziquantel kulingana na uzito wangu, nikapona. Siku ile niliamua kwamba kuvua siachi, ila majini siingii tena miguu mitupu.

Vazi lililoniwezesha kutimiza hayo ni gambuti zilizoungwa moja kwa moja na suruali isiyopitisha maji, inayopanda hadi kifuani na kushikiliwa na mikanda miwili ya mabegani. Nimesikia likiitwa suruali ya mpira, gambuti ndefu, ovaroli ya gambuti. Mwenye duka mmoja Majengo alinielewa pale tu nilipomwambia "ile wanayovaa watu wa mabwawa ya kufugia samaki". Mtandaoni tafuta kwa neno waders, maana ndilo linaloandikwa kwenye lebo. Mimi hapa nitasema ovaroli ya gambuti.

Maelezo mengi utakayoyakuta kuhusu vazi hili yameandikwa na watu wanaovua kwenye mito ya milimani ya Ulaya na Marekani, maji yaliyoyeyuka kutoka kwenye theluji, chini mawe matupu. Wao adui yao ni baridi na utelezi. Sisi maji yetu ni ya vuguvugu karibu mwaka mzima, chini kuna tope na visiki, njia ya kufikia maji imejaa miiba, na hatari kubwa iliyomo haionekani kwa macho. Ukifuata ushauri wao neno kwa neno utatoa fedha nyingi kwa kitu kitakachokutesa. Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta, nitaeleza.

Hatua ya kwanza: yajue maji yako kabla ya kwenda dukani

Kwanza jiulize kama unahitaji kuingia majini kabisa. Kama unavua ukiwa ukingoni, au unapanda mtumbwi, usinunue. Tena kwenye mtumbwi vazi hili halifai hata kidogo, kwa sababu ukipinduka kwenye kina kirefu litajaa maji na kukuzuia kupanda tena. Kwenye chombo vaa jaketi la kuokolea maisha. Ovaroli ya gambuti ni ya mtu anayetembea majini kwa miguu, akivua, akitega, akivuta wavu kwenye bwawa lake la kufugia, au hata akifanya kazi kwenye majaruba ya mpunga kule Bahi.

Hombolo ni bwawa la zamani, lilijengwa mwaka 1957, na kwa miaka yote hiyo mvua zimekuwa zikileta udongo kutoka mashambani. Pembezoni kina ni kifupi lakini chini ni laini, na majani yamesimama kwa wingi. Majani hayo ndiyo makazi ya konokono wadogo wanaobeba kichocho. Vijidudu hutoka kwenye konokono hasa jua likiwa kali, tangu saa nne asubuhi hadi alasiri, na hupenya ngozi ndani ya dakika chache tu. Hukisikii chochote wakati wanaingia. Bahi nako, kwenye ardhioevu ya Sulunga, maji ni mapana na si marefu, tope jeusi, kambale kwa wingi, na miaka ya ukame sehemu kubwa hukauka kabisa.

Mtera ni habari nyingine. Lile ni bwawa la kutunza maji ya umeme kwenye Mto Ruaha Mkuu, megawati 80 pale penyewe na 204 kule Kidatu chini ya mto. Uendeshaji wake unaruhusu maji kupanda na kushuka kati ya mita 690 na mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Mita nane na nusu kwenda juu zinaonekana ndogo, lakini ardhi ya pale ni tambarare, kwa hiyo maji yakishuka ukingo unarudi nyuma mbali sana na kuacha uwanja wa tope. Mahali ulipovua mwezi wa tano si mahali utakapovua mwezi wa kumi na moja. Ndani ya maji kuna miti iliyozama tangu bwawa lilipojazwa, na visiki vyake huchana vazi kama kisu. Na Mtera kuna mamba na viboko. Ovaroli haizuii jino la mamba. Usiingie majini pale bila kuwauliza wavuvi wa mwalo ule siku ileile, na wakikwambia hapa hapaingiwi, hapaingiwi.

Chukua fimbo ndefu, nenda unapopapenda, pima kina ukiwa ukingoni au muulize anayepajua. Maji yanafika wapi: magoti, mapaja, kiuno? Jibu hilo ndilo litakalokuambia ununue nini.

Ukiwa huko, ulizia na kibali. Uvuvi hapa nchini unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, na afisa uvuvi wa halmashauri ndiye atakayekuambia kama aina yako ya uvuvi inahitaji leseni na kama bwawa liko wazi kipindi hicho.

Hatua ya pili: urefu wa vazi

Ziko za aina tatu. Za mapajani ni miguu miwili iliyotengana, kila mmoja unafungwa kwenye mkanda wa suruali yako. Ni nyepesi, ni rahisi, na kwa joto letu zinapendeza. Za kiunoni zinafanana na suruali ya kawaida. Za kifuani ndizo ovaroli zenyewe.

Kwa anayeanza hapa kwetu ushauri wangu ni za kifuani, hata kama maji yanakufika magotini. Sababu ni tope. Unatembea maji yakiwa magotini, hatua inayofuata unazama hadi mapajani kwa sababu chini palikuwa na shimo la kambale au udongo laini, na za mapajani zinajaa papo hapo. Kwa mtu wa baridi ya Ulaya maji kuingia ni usumbufu tu. Kwako wewe ni maji yenye vijidudu yaliyofungiwa kwenye ngozi yako kwa saa tatu, jambo baya kuliko kuingia miguu mitupu na kutoka. Ukipata joto, sehemu ya kifuani unaweza kuikunja hadi kiunoni na kuifunga kwa mkanda. Ya mapajani huwezi kuirefusha.

Za mapajani nunua kama kazi yako ni bwawa la kufugia ambalo chini limesakafiwa au limetandikwa turubai na kina unakijua.

Hatua ya tatu: imetengenezwa kwa kitu gani

Hapa ndipo fedha inapotea au inapookolewa.

Iliyo rahisi kuliko zote ni ya PVC tupu, ile inayong'aa kama koti la mvua la bei ya chini. Iache. Inapasuka kwenye mikunjo ya magoti, na jua letu huikausha ikawa ngumu kama ganda la boga. Inayofuata ni ya nailoni iliyopakwa PVC. Ukigeuza ndani unaona uzi wa kitambaa, nje ni PVC ya rangi ya kijani au kahawia isiyong'aa sana. Hii ndiyo ninayomshauri kila anayeanza. Nailoni inaipa nguvu ya kutochanika, PVC inazuia maji, na bei bado iko chini. Kasoro yake ni kwamba haipitishi hewa, utatoka jasho.

Ya mpira mtupu, kama gambuti zenyewe, ni nzito na imara, na ina sifa moja kubwa: fundi baiskeli yeyote anaweza kuiziba. Ukiikuta kwa bei nzuri ichukue bila kusita, ilimradi mpira haujazeeka.

Neoprini ni ile kama sifongo nyeusi wanayovaa wazamiaji, unene wa milimita 3 hadi 5. Inavutia, laini, inakaa mwilini vizuri. Mimi ndiyo niliyoanza nayo. Nilisoma kwamba ndiyo bora, nikaiagiza kwa muuzaji wa mtandaoni kwa kuangalia picha, nikaenda nayo Hombolo mwezi wa kumi. Saa tatu asubuhi kichwa kilikuwa kinaniuma. Saa nne nilikuwa nimekaa chini ya mgunga nikiwa nimeivua hadi kiunoni, fulana imelowa kama nimeanguka majini. Neoprini kazi yake ni kushika joto la mwili lisitoke. Hapa Dodoma labda asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, upepo wa baridi ukivuma, ungeishukuru. Miezi mingine yote ni mateso, na mtu aliyezidiwa na joto akiwa majini peke yake yuko hatarini kweli.

Kuna ya mwisho, ya kitambaa kinachopumua: tabaka mbili tatu za nailoni au poliesta zenye utando katikati unaozuia maji kuingia lakini unaruhusu mvuke wa jasho kutoka. Kwa tabia ya nchi yetu hii ingekuwa bora kuliko zote, maana hewa ya Dodoma ni kavu na mvuke wa jasho hutoka haraka. Lakini ni ghali, na mwiba mmoja wa mgunga hauheshimu bei. Ninasema ianze kuwa ndoto ya mwaka wa pili, baada ya kujua kwamba uvuvi umekukaa moyoni.

Hatua ya nne: miguuni

Ziko zenye gambuti iliyoshonwa hukohuko, na ziko zinazoishia kwa soksi isiyopitisha maji, halafu wewe unanunua viatu maalumu vya kuvaa juu yake. Hizi za soksi zinasifiwa kwa sababu kiatu kinabana kifundo vizuri. Kwa bajeti ndogo maana yake ni kununua mara mbili, na mchanga wa hapa ukiingia kati ya soksi na kiatu unasaga soksi hadi itoboke. Chukua ya gambuti.

Tazama soli. Ile ya mpira yenye meno makubwa inatosha. Wengine watakusifia soli ya feliti, kitambaa kama cha kofia nzito, kwamba inashika kwenye mawe yenye ukoko. Kwenye mawe ni kweli. Lakini hukaa na unyevu siku nyingi na kusafirisha viumbe kutoka maji hadi maji, hadi New Zealand wakaipiga marufuku mwaka 2008. Kwenye tope letu inageuka tofali. Soli ya njumu za chuma nayo achana nayo, haina kazi hapa.

Hatua ya tano: jipime nyumbani

Ovaroli nyingi za bei nafuu hupimwa kwa namba ya kiatu tu, na hapo ndipo watu wanapoumia. Mtu anavaa kiatu namba 43, anaagiza 43, vazi linafika: mguu umeingia, lakini akiinua goti kupanda ukingoni, mshono wa katikati ya mapaja unavutika hadi kutatuka. Nina moja iliyokufa hivyo.

Pima vitu vinne, uandike. Urefu wa wayo kwa sentimita: simama na kisigino ukutani, juu ya karatasi, ukiwa umevaa soksi nene utakazovulia. Urefu wa ndani ya mguu: simama, bana kitabu katikati ya mapaja kama umekaa juu yake, mtu akupimie kutoka juu ya kitabu hadi sakafuni. Mzunguko wa sehemu nene kuliko zote, tumbo au makalio, ukiwa umevaa bukta na fulana. Na urefu wako wote.

Gambuti ichukue namba moja juu ya kiatu chako cha kawaida, isizidi hapo. Ikikubana, damu haipiti na mguu unachoka. Ikiwa kubwa sana, tope linaishika, wewe unainua mguu, mguu unakuja, gambuti inabaki. Urefu wa ndani ya mguu uongeze sentimita kama 5 ili goti lipate nafasi. Muuzaji wa mtandaoni mwombe jedwali la vipimo kwa sentimita, na asipokuwa nalo tafuta mwingine. Akikuambia "hii inamfaa kila mtu", hiyo ndiyo isiyomfaa mtu.

Kwa akina dada na akina mama nataka niongeze neno. Nyingi zimekatwa kwa umbo la mwanaume, mapana mabegani na nyembamba makalioni. Wewe anza na kipimo cha makalio, mengine yafuate, hata kama sehemu ya juu itapwaya. Juu mikanda inarekebika, chini hakirekebiki kitu.

Hatua ya sita: wapi na kwa bei gani

Anza na maduka ya vifaa vya usalama kazini na vya ujenzi hapa mjini, yale yanayouza gambuti, helmeti na viakisi mwanga. Si yote yanayo, lakini mengi yanaweza kukuletea kutoka Dar es Salaam. Maduka ya pembejeo na ya vifaa vya ufugaji samaki nayo yaulize. Faida ya dukani ni moja kubwa, kwamba unavaa kabla ya kulipa.

Mitumba, pale Sabasaba, hujitokeza kwa bahati. Ukiacha namba yako kwa mfungua balo na kumwonyesha picha kwenye simu, ipo siku atakupigia. Mtumba wa mpira ukague kwa makini: vuta sehemu ya kifundo na ya goti kwa vidole viwili kisha uangalie karibu. Ukiona nyufa ndogondogo kama za ardhi iliyokauka, mpira umekwisha hata kama hauvuji leo. Shika soli uikunje. Nusa ndani, harufu ya ukungu kwenye nailoni si tatizo, inafuliwa, lakini PVC inayonatanata mkononi inaoza.

Kariakoo ndiyo yenye chaguo pana. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mtu anaweza kwenda na kurudi bila kupoteza siku mbili. Kama huwezi kwenda, mtume ndugu unayemwamini na vipimo vyako vyote vinne, siyo namba ya kiatu peke yake, kisha mpigie simu ya video akiwa dukani.

Kuagiza kutoka China kupitia wakala wa mizigo nako kunawezekana. Katika masoko ya nje ovaroli ya nailoni na PVC huuzwa kwa dola 40 hadi 70 hivi, zinazopumua za kuanzia huanzia kwenye dola 100, na zile za majina makubwa kama Simms hufika mamia kadhaa ya dola. Bei ya kiwandani China inaweza kuwa chini zaidi, lakini hesabu usafiri. Ovaroli yenye gambuti ina uzito wa kilo mbili hadi nne na inachukua nafasi. Kwa ndege unalipa kwa kilo, kwa meli unalipa kwa ujazo na unasubiri. Mkiagiza watu watano pamoja kwa meli ndipo inapolipa. Ukiagiza moja kwa ndege, nauli yake inaweza kukaribia bei ya vazi lenyewe.

Gawa bajeti yako hivi: kabla hujanunua ovaroli, tenga fedha ya mkanda wa kiunoni, gundi ya kuzibia na soksi nene mbili. Ukimaliza fedha yote kwenye vazi, tundu la kwanza litakuweka nyumbani mwezi mzima.

Hatua ya saba: ijaribu kabla fedha haijatoka mkononi

Hili ndilo ninalolijali kuliko yote, na wauzaji wengi hawalipendi. Wewe omba kwa heshima: "Samahani kaka, naomba niipime kidogo." Ukikataliwa, ondoka.

Vaa. Kaza mikanda. Chuchumaa hadi makalio yakaribie visigino. Inua goti hadi usawa wa kiuno, kulia na kushoto, kama unapanda ngazi ndefu. Piga goti moja. Kama mahali popote panavutika, hasa katikati ya mapaja, hiyo si yako.

Vua, kisha omba kona yenye giza. Washa tochi ya simu, iingize ndani hadi kwenye gambuti, funga mdomo wa vazi kwa mkono, na uangalie nje kwa utulivu, mguu mmoja baada ya mwingine. Tundu la sindano litaonekana kama nyota. Pitisha mwanga polepole kwenye mshono wa katikati na pale suruali inapoungana na gambuti, maana huko ndiko zinakoanza kuvuja. Kuna rangi nene zisizopitisha mwanga. Hizo unazijaribu kwa hewa: kunja mdomo wa vazi mara tatu nne kama unafunga mfuko wa unga, hewa ibaki ndani, kandamiza mguu mmoja, na uweke shavu lako karibu na mishono. Shavu huhisi pumzi ambayo mkono hauihisi.

Mishono iliyochomelewa kwa joto, bapa na inayong'aa kidogo, ni bora kuliko iliyoshonwa kwa uzi tu na kupakwa gundi. Klipu za mabegani zifungue na kuzifunga mara kumi. Klipu ikivunjikia dukani, umeokoka.

Ukifika nyumbani, siku hiyohiyo, itundike kwenye mti na uijaze maji ya bomba hadi magotini tu, uzito usije ukachana mishono. Iache nusu saa. Panapolowa nje, zungushia alama ya kalamu ya wino mzito, piga picha, na mrudie muuzaji kabla hajakusahau.

Kuingia majini nayo mara ya kwanza

Mkanda wa kiunoni si pambo. Ufunge kwa nje, juu kidogo ya kiuno, ukaze kiasi cha vidole viwili kupita. Ukianguka, ndio unaozuia maji yasikimbilie miguuni. Watu huogopa kwamba ovaroli iliyojaa maji inakuzamisha kama jiwe. Maji ndani ya maji hayana uzito wa kukuvuta chini. Shida huja unapotaka kutoka, kwa sababu ukishainuka yanakuwa mzigo mzito, na kabla ya hapo hofu imekumaliza nguvu. Ukianguka, lala chali, kunja magoti, piga maji kwa mikono kuelekea kina kifupi. Fanya mazoezi ya kufungua klipu za mabegani kwa mkono mmoja ukiwa nyumbani umefumba macho.

Usiende peke yako. Fimbo itangulie, mguu ufuate. Ukinasa kwenye tope usivute juu. Chezesha kisigino kushoto na kulia hadi maji yaingie chini ya soli, halafu toa mguu taratibu. Simama mwisho kiunoni, hata kama vazi linafika kifuani.

Nenda alfajiri, utoke saa nne. Jua halijakuchosha, samaki wanakula, na vijidudu vya kichocho bado si wengi. Mikono bado iko wazi, kwa hiyo kama kazi yako ni ya kuvuta wavu tafuta na glavu ndefu za mpira. Maji yakiingia ndani, toka, vua, jifute kwa taulo kavu kwa nguvu mara moja. Hilo linapunguza hatari, haliiondoi, na wiki kadhaa baadaye kapime.

Miiba, jua, panya

Ovaroli nyingi za Dodoma hazifii majini. Zinakufa njiani. Mbigili zimetapakaa kila mahali baada ya mvua, zilezile zinazotoboa tairi za baiskeli, na miiba ya mgunga iliyoanguka hulala chini ya vumbi. Usitembee na ovaroli kutoka nyumbani wala kutoka kwenye bodaboda. Ibebe kwenye kiroba, fika ukingoni, tandika kiroba kilekile, simama juu yake ndipo uvae. Mzee mmoja wa Hombolo, aliponiona nikikaa chini kuvaa, aliniambia, "Mwanangu, hapo umekaa juu ya sindano." Tukainua vazi, kwenye makalio kulikuwa na mbigili mbili. Tangu siku hiyo navaa nikiwa nimesimama.

Ukirudi, isuuze kwa maji safi, ndani na nje, kisha igeuze ndani nje kadiri inavyowezekana na uitundike kivulini penye upepo. Juani PVC inakakamaa. Ndani ya gambuti sokomeza magazeti yanywe unyevu, uyabadilishe jioni. Usiikunje kunja ukaiweka chini ya kitanda: mkunjo unakuwa ufa, na panya wakisikia harufu ya samaki wataitoboa kabla ya mwiba. Itundike kwa miguu, kichwa chini, kwenye kamba mbali na ukuta.

Kuziba

Ya mpira mpelekee fundi baiskeli, solusheni na kiraka, kazi ya dakika kumi. Ya PVC solusheni hiyo haishiki. Kiraka kinakaa siku mbili kisha kinabanduka. Na gundi ya mabomba ya maji usiiguse, kwa sababu ikikauka inakuwa ngumu na kukatika vazi likikunjwa. Tafuta gundi ya PVC laini, ile inayozibia mabwawa ya plastiki ya watoto na maboya ya kujaza upepo. Neoprini ina gundi yake.

Kausha vazi kabisa. Futa eneo kwa spiriti. Piga msasa laini kidogo tu, ng'ao itoke. Kata kiraka cha duara, kwa sababu chenye pembe huanza kubanduka kwenye pembe, kizidi tundu kwa sentimita mbili kila upande. Paka gundi nyembamba pande zote mbili, subiri hadi ukigusa inanata lakini haichafui kidole, kisha bandika ukisukuma hewa kutoka katikati kwenda nje. Weka ubao juu, tofali juu ya ubao, lala hadi asubuhi. Ndipo uijaze maji tena na kuangalia.

Kiraka bora ni kipande cha vazi la aina ileile. Kwa hiyo ovaroli ya zamani usiitupe: kata gambuti chini ya goti upate za kwendea shamba, na mapaja yake yakunje vizuri uyaweke kwenye boksi la ndoano. Ile iliyotatuka mshono nimeikata hivyo, na hadi leo imeziba tundu sita za hii ninayovaa.